Moyo ukichoka na sukari: umakinifu, mnasihi, kikundi au simu?

"Mama, jana ulikula nini?"

Swali hilo nimeulizwa kliniki mara nyingi kuliko nilivyoulizwa hali. Siku ninayoikumbuka zaidi, mashine ya kupimia sukari ilisoma 16.2 mmol/L, namba ya juu sana, na jana yake sikuwa nimetia kitu cha maana tumboni. Nilikuwa nimetoka Pangani kumzika dada yangu. Nilimjibu muuguzi, "Wali." Ulikuwa uongo, lakini ndilo jibu linalomaliza maongezi haraka ili mwenzako wa foleni naye aingie.

Nina kisukari cha aina ya pili tangu 2012, na insulini ni mwaka wa tano huu. Humo katikati nimepita kwa mnasihi, nimekaa kwenye kikundi cha wagonjwa wenzangu, nimemaliza kozi ya wiki 8 ya kufuata pumzi, na nimepakua programu za simu nikazifuta. Kwa hiyo watu huniuliza kipi bora. Wengi wanaouliza wameshasikia mitandaoni habari za hayo mafunzo ya pumzi, yaani maindifulnesi, na yanazungumzwa kana kwamba ni dawa ya sukari. Mimi nitayaita umakinifu: kuielekeza akili kwa makusudi kwenye kilichopo sasa hivi, iwe pumzi, mwili, sauti ya nje au wazo linalopita, bila kukigombeza.

Nitayaweka mambo haya bega kwa bega. Nina upande ninaouegemea na sitauficha.

Mzigo wenyewe ni upi?

Sisi tuna neno moja tu: "Nina mawazo." Neno hilo linabeba mizigo mitatu tofauti, na mtu akikosea kuujua wake atachagua njia isiyomfaa, kisha aseme njia ni mbovu.

Mzigo wa kwanza ni kuchoshwa na kisukari chenyewe. Kujitoboa kidole, kuhesabu vijiko vya ugali, kusutwa na shemeji kwenye harusi kwa kipande cha keki, kuogopa macho na miguu. Nje ya hapo mtu anacheka, anafanya biashara, anapenda watu wake. Akisikia tu neno "kliniki" anajisikia kutupa daftari baharini. Watafiti wa Marekani walikwishatunga dodoso la hali hii mwaka 1995, linaitwa PAID. Lina maswali 20, alama zake zinafika 100, na mwenye 40 kwenda juu huhesabiwa kuwa amelemewa kweli. Tangu 2016 chama cha kisukari cha Marekani kinawataka watoa huduma wawe wanawauliza wagonjwa habari za moyo kama wanavyowauliza habari za miguu. Kwetu, kama kliniki yako inakuuliza, shukuru.

Mzigo wa pili ni sonona. Huu haubagui. Chakula hakina ladha, wajukuu hawafurahishi, usingizi umepotea au umezidi, na hali hiyo imeshika wiki mbili au zaidi karibu kila siku. Mwenye kisukari yuko kwenye hatari ya kupata sonona karibu maradufu ya asiye nacho. Kuna dodoso fupi la maswali 9, PHQ-9, ambalo limekwishatafsiriwa na kupimwa kwa Kiswahili, na muuguzi yeyote anaweza kukusomea kwa dakika tano. Swali la tisa ni la mawazo ya kujidhuru au kutamani kufa. Jibu la hilo likiwa "ndiyo", acha kusoma ulinganisho huu na uende hospitali leo, ukiwa na mtu. Walioko Kenya wanaweza pia kupiga simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199.

Mzigo wa tatu ni hofu ya sukari kushuka. Anaujua anayechoma insulini. Ukishaamka usiku mmoja umelowa jasho, mikono inatetemeka, moyo unapiga kama ngoma ya mdumange, utaanza kulala na sukari ya 14 makusudi ili tu usishuke tena. Balaa lake ni kwamba dalili za kushuka na dalili za wasiwasi ni zilezile: jasho, mtetemo, moyo kwenda mbio, kizunguzungu. Hapa nataka nisimame kidogo, maana nimeona mtu akiambiwa na mwalimu wa pumzi, "Vuta ndani, achia polepole," huku sukari yake iko chini. Pumzi haina sukari ndani yake. Pima kwanza. Ikiwa chini ya 3.9, kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida au maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, subiri dakika 15, pima tena. Huna mashine mkononi? Kunywa tu, kuzidi kidogo kwa saa moja ni afadhali kuliko kuzimia. Utulivu utafuata baadaye.

Umakinifu wa wiki 8

Chanzo chake si kisukari. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alifungua kliniki ya kupunguza msongo kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa ambao madaktari walikuwa wamebakiwa na la kuwaambia "vumilia". Alichukua mazoezi ya Kibudha, akayavua joho la dini, akayapanga: darasa moja kwa wiki la saa mbili na nusu hivi kwa wiki 8, mazoezi ya nyumbani ya dakika 45 karibu kila siku, na siku moja ya ukimya kuelekea mwisho wa kozi. Baadaye Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliyachanganya na tiba ya mazungumzo inayochunguza mawazo, kwa ajili ya watu ambao sonona hurudi kila ikiondoka. Matoleo yote mawili yamejaribiwa kwa wenye kisukari.

Usipite haraka kwenye hizo dakika 45, maana ndiyo bei halisi ya kozi. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi atazitoa wapi? Mimi nilizipata kwa sababu wanangu wamekua, na bado wiki ya tatu nilikuwa ninadanganya. Darasa lilikuwa kwa njia ya mtandao, kwa Kiingereza, mwanangu akinilipia. Somo la kwanza ni kula zabibu kavu moja kwa dakika kadhaa: uiangalie, uinuse, uisikie ulimini. Mwalimu aliposema watakaotaka watumie tende, nilicheka peke yangu. Nilitumia korosho.

Kilichonibakia baada ya wiki 8 ni zoezi dogo kuliko yote, la dakika tatu. Dakika ya kwanza najiuliza nina nini sasa hivi: wazo gani, hisia gani, mwili ukoje. Ya pili nafuata pumzi peke yake. Ya tatu napanua, nausikia mwili mzima uliokaa kitini. Nalifanya kabla ya kujitoboa kidole. Namba ikija kubwa, kuna mwanya mdogo kati ya namba na matusi ninayojitukana, na katika mwanya huo naweza kuuliza swali la maana: sindano ya asubuhi nilichoma? Faida yangu yote ya kozi ile imo humo.

Tafiti zinasemaje? Uholanzi, mwaka 2013, walitoa matokeo ya wagonjwa 139 wa kisukari ambao moyo wao ulikuwa chini. Waliosoma umakinifu walipungukiwa msongo, wasiwasi na dalili za sonona kuliko waliobaki na matibabu ya kawaida. Lakini kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, hakikutikisika. Na kile kuchoshwa na kisukari chenyewe, mzigo wangu wa kwanza hapo juu, kwa kundi zima hakikushuka kwa kiasi cha kuhesabika. Heidelberg, Ujerumani, walichukua wagonjwa 110 wa aina ya pili ambao figo zilikuwa zimeanza kuvujisha protini. Baada ya mwaka mmoja waliofunzwa walikuwa na sonona ndogo zaidi. Protini kwenye mkojo ilikuwa palepale.

Mtu anaweza kushangaa. Si tunaambiwa msongo hupandisha sukari? Hupandisha, kweli. Mwili ukihisi hatari unamwaga adrenalini na kotisoli, na ini linafungua ghala lake la sukari. Ndiyo 16.2 yangu ya msibani. Lakini HbA1c ni hesabu ya miezi mitatu, na katika miezi hiyo anayeamua zaidi ni dawa, chakula, kutembea kwako na idadi ya vijiti vya kupimia unavyoweza kununua. Moyo uliotulia haununui vijiti.

Upo pia umakinifu wa kula: kutafuna polepole, kusikiliza njaa na shibe. Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio waliulinganisha mwaka 2012 na masomo ya kawaida ya lishe ya kisukari. Makundi yote mawili yalipungua uzito na sukari ilishuka, na hakuna lililolishinda jingine. Kwa hiyo kama kliniki yako ina mtaalamu wa lishe anayejua uzito wa wali wa nazi na mihogo, huhitaji kulipia mtu wa kukufundisha kutafuna.

Tahadhari tatu ambazo walimu wasiojua kisukari hawazitaji. Kuna zoezi la kuupitia mwili kwa akili kuanzia vidole vya miguu. Mwenye miguu inayowaka moto usiku anaweza kuona moto umeongezeka, na asiyesikia kitu miguuni anaweza kupatwa na simanzi hapohapo sakafuni. Omba kuanzia mikononi. Pili, siku ya ukimya isikuondolee saa za chakula na sindano; weka kengele ya simu, kaa na kitu kitamu mfukoni, na mwalimu ajue. Tatu, mtu aliyepitia ukatili au msiba wa ghafla, au anayesikia sauti, asianze kukaa kimya peke yake bila mtaalamu. Ukimya hufungua milango mingine.

Mnasihi, na bibi wa benchi

Tiba ya mazungumzo inayochunguza mawazo na matendo haikuambii ukae na wazo, inakuambia ulikague. "Sukari imepanda, mimi ni mzembe." Ushahidi uko wapi? Mara ngapi ilipanda na hukuwa mzembe? Ni jambo gani dogo utalifanya kabla ya Ijumaa? Mimi mnasihi alinikuta na wazo kwamba insulini ni adhabu na dalili ya mwisho, kwa sababu mama yangu alianza sindano mwezi wa Machi akafa Juni. Aliniuliza tu, "Alianza mapema au alicheleweshwa?" Nilikaa na swali hilo wiki nzima.

Mwaka 2014 Waholanzi waliweka umakinifu na tiba hii uso kwa uso, kwa watu 94 wenye kisukari na dalili za sonona, mtu mmoja mmoja na mtaalamu wake. Zote mbili ziliwasaidia kuliko waliosubiri kwenye foleni, na kati yao haikuonekana iliyo bora. Nadhani habari hiyo ni nzuri kwetu: ukiwa na mnasihi mzuri karibu, usijione umekosa kitu kwa kutoipata kozi ya pumzi.

Tatizo ni wanasihi wenyewe kuwa wachache, na aibu. Kwa Tanzania ukisema unakwenda kwa daktari wa akili, mtu anakuuliza kama unapelekwa Mirembe. Kwa Nairobi atakutajia Mathari. Ndiyo maana nauheshimu sana mpango wa Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza mabibi wa Mbare, Harare, wakae na mtu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kumsaidia kulikata tatizo lake vipande, achague kimoja, akishughulikie. Wao neno lao ni kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Ni "mawazo" yetu kabisa. Utafiti wao wa 2016 uliohusisha watu 573 ulionyesha dalili zikipungua sana baada ya miezi sita. Benchi hilo limeshafika Zanzibar pia. Halikubuniwa kwa ajili ya kisukari, lakini tatizo la "mume hataki kununua insulini" haliko mbali na yale waliyoyazoea mabibi wale.

Neno moja juu ya dawa za sonona: zinasaidia, na sonona nzito isingojee pumzi wala benchi. Ila daktari wa akili na wa kisukari wajuane. Amitriptilini, ambayo wengine tunapewa kwa ajili ya miguu inayowaka, huweza kuongeza uzito. Fluoksetini huweza kushusha sukari. Na propranololi, ambayo watu hupewa kwa mtetemo wa wasiwasi, huweza kuzificha baadhi ya dalili za sukari kushuka, kama mtetemo na moyo kwenda mbio. Anayechoma insulini aulize kabla ya kuimeza.

Kikundi

Hapa ndipo ninapoegemea, nikiri mapema.

Chetu hukutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwenye baraza ya nyumba ya mwenzetu, Tanga mjini. Tunapima presha na sukari, kila mtu na sindano yake ya kutobolea maana hiyo haiazimwi, kisha chai isiyo na sukari na maneno. Siku ya kwanza mzee mmoja alisema, bila kumwangalia mtu, kwamba nguvu za kiume zimekwisha na mke hajui sababu. Baraza ikanyamaza, halafu mwingine akasema, "Na mimi." Sijaona programu ya simu inayosema "na mimi".

Kwa Afrika upo ushahidi wa kundi kushusha sukari yenyewe. Yaoundé, Kameruni, watafiti waliwapa wagonjwa wa aina ya pili viongozi walio wagonjwa wenzao. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha HbA1c yao ikishuka kwa pointi 3.0 za asilimia, wakati ya waliobaki na kliniki peke yake ilishuka kwa 1.3. Bamako, Mali, kwa mafunzo yaliyoongozwa na wagonjwa, ilishuka kwa takriban 1.05 dhidi ya 0.15, katika mwaka mmoja. Wagonjwa walioanza na sukari ya juu sana huwa na nafasi kubwa ya kushuka, lazima tuseme hivyo. Na rula si moja: waliopima umakinifu walitazama zaidi moyo, waliopima vikundi walitazama zaidi sukari. Mtu akikuambia kimoja kimemshinda mwenzake, muulize kwa kipimo kipi.

Ubaya wa vikundi naujua kwa sababu ninakaa ndani yake. Siri hutoka. Mara mbili mtu amekuja na chupa ya mitishamba inayoponya kisukari kwa siku 21, na mara moja ilibidi tugombane kweli, kwani mama mmoja alikuwa ameshaacha sindano. Wanaume huja mwanzo kisha hupotea. Na kijana wa miaka 17 mwenye aina ya kwanza akikaa katikati ya mabibi wanaohesabu wajukuu atajiona amekuja kwenye mkutano wa wastaafu. Huyo anahitaji vijana wenzake, na vyama vya kisukari vya Tanzania na Kenya ndipo pa kuuliza. Kikundi pia hakitibu sonona. Aliyezama hana hata nguvu ya kufika barazani, na tusipomfuata nyumbani hatutamwona.

Simu

Fupi, kwa sababu hakuna mengi. Programu za Headspace na Calm zimetengenezwa vizuri, lakini zinasema lugha za wengine, zinadai malipo ya mara kwa mara, na hazijui kuwa una kisukari. Kozi ya Palouse Mindfulness ni ya bure, ni ya wiki 8 nzima, nayo inataka Kiingereza na bando la kutosha kwa video. Njia ya maskini iliyonifaa ni hii: niliirekodi sauti yangu mwenyewe kwa Kiswahili, zoezi la dakika tatu, nikaiweka kwenye simu. Shangazi yangu anaisikiliza kabla ya sindano na anasema sauti yangu inamlaza.

Na tasbihi je?

Wapo Waislamu na Wakristo wanaokwepa umakinifu kwa kuona harufu ya dini nyingine, na siwalaumu. Waambiwe tu kwamba mwaka 2001 watafiti wa Italia, Luciano Bernardi na wenzake, waliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, wakakuta pumzi zao zimeshuka hadi karibu sita kwa dakika, mwendo uleule uliopatikana kwa kukariri maneno ya yoga, na midundo ya moyo na damu ikaenda sambamba nao. Uradi unaovutwa polepole baada ya Alfajiri una mwendo wake pia. Tofauti ninayoiona ni moja. Katika sala unaelekea kwa Mungu. Katika umakinifu unajitazama bila kujihukumu. Kuna watu ambao sala imekuwa mahali pengine pa kujihukumu kwa sukari, na hao zoezi la pili linaweza kuwafaa pamoja na la kwanza.

Kwa kutupia jicho

| Njia | Muda unaodaiwa | Hugusa zaidi | Kikwazo kwetu |
|---|---|---|---|
| Umakinifu wa wiki 8 | Darasa la wiki na hadi dakika 45 kwa siku | Msongo, wasiwasi, sonona inayorudi | Lugha, ada, muda |
| Mnasihi au benchi | Vikao sita au zaidi | Sonona, mawazo ya kujilaumu, matatizo ya nyumbani | Uhaba, aibu |
| Kikundi | Saa chache kwa mwezi | Upweke, kuchoshwa na kisukari, sukari | Siri, uvumi wa dawa |
| Simu au sauti uliyorekodi | Dakika 3 hadi 20 | Msongo wa siku | Huachwa haraka |

Ningekuwa wewe

Kama kinachokukera ni kisukari chenyewe na si maisha yote, anza na kikundi, na umwombe muuguzi apunguze jambo moja linalokuchosha zaidi. Pengine ratiba ya dawa inaweza kurahisishwa. Usikimbilie pumzi. Dawa ya kuchoka na kazi mara nyingine ni kupunguziwa kazi.

Kama ni sonona, ukianza na kikundi utapoteza miezi. Daktari na mnasihi kwanza. Ikiwa umeshawahi kupona na ikarudi, mara mbili au tatu, hapo ndipo umakinifu wa wiki 8 unapostahili pesa na muda wako kuliko mahali pengine popote.

Kama ni hofu ya kushuka, mtu wa kwanza ni anayekuandikia insulini. Huenda dozi ya usiku ni kubwa kweli na hofu yako ina haki. Dozi ikisharekebishwa na hofu ikabaki, mnasihi anayekwenda nawe hatua kwa hatua, leo ulale na 10, wiki ijayo na 8, atakusaidia kuliko kukaa kimya ukiusikiliza moyo wako unavyopiga. Kuusikiliza moyo ndicho unachofanya usiku kucha tayari.

Na kama huna mzigo wowote kati ya hiyo, una mawazo ya kawaida tu ya ada na kodi ya nyumba, basi dakika tatu za bure zinatosha kuanzia. Ukizipenda, utazitafuta nyingine.

Kuna kitu kimoja sikukiweka kwenye jedwali kwa sababu hakina mwalimu wala ada. Kwenye daftari langu la kliniki, pembeni ya tarehe na namba, nimechora safu ya tatu kwa rula. Neno moja tu kwa siku. Ukurasa ulio wazi mbele yangu unasema: 7.8, sawa. 9.1, harusi. 13.4, Hamisi hajapiga simu. 8.0, sawa. Muuguzi mpya aliyekuja mwaka huu aliipitia kwa kidole mwezi uliopita, akasimama kwenye 13.4, akauliza, "Hamisi ni nani, mama?"